Berlin kwa Mwendo wa Watoto

Nimefundisha Historia kwa miaka tisa katika shule ya sekondari mkoani Lindi, na katika miaka yote hiyo hakuna mji wa ng'ambo nilioandika jina lake ubaoni mara nyingi kama Berlin. Ninyi mnaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne mnaijua sababu. Mkutano ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884, ukafungwa tarehe 26 Februari 1885, nchi 14 zilihudhuria, na Mwafrika hata mmoja hakuitwa. Nimeyasema maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyasema usingizini. Lakini Berlin yenyewe, mji wenye mitaa na mabasi na watu wanaopanga foleni ya mkate, sikuwa nimeiona mpaka Juni mwaka jana. Nilifika huko nikiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine nimemshika mkono.

Sikwenda kwa ajili ya Historia. Mume wangu alikuwa huko akisomea shahada ya uzamili kwa ufadhili wa miaka miwili. Alipoondoka mwezi Septemba, mtoto wetu wa kwanza alikuwa hajatimiza miaka mitatu, na wa pili alikuwa na miezi kumi, ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushikilia stuli. Hapa nitawaita Mkubwa na Mdogo. Majina yao halisi wataamua wenyewe siku moja kama wanataka yasomwe na watu. Mpango wetu ulikuwa tusubiri mpaka baba yao amalize. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili husafiri kwa ndege akiwa amepakatwa, na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli. Mdogo alikuwa amebakiwa na miezi mitano. Kwa bahati zamu yangu ya kupokea upatu wa walimu ikaangukia mwezi Mei. Tulipiga hesabu kwa simu mpaka usiku wa manane: ama twende likizo ya Juni, ama Mdogo aje kumwona baba yake akiwa na karibu miaka mitatu.

Hilo la pili ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu Mdogo hakumjua baba yake. Kwake yeye, baba lilikuwa jina la simu. Ukimwambia, "Mpe baba busu," aliibusu simu. Siku moja nilimkuta akiibusu wakati anayezungumza ni mtangazaji wa habari.

Kama ilivyo desturi ya walimu, niliandaa azimio la kazi. Katika daftari niliorodhesha sehemu 14 za kutembelea kwa siku 12: Lango la Brandenburg, jengo la bunge, mabaki ya Ukuta wa Berlin kule Bernauer Straße, mnara wa televisheni wenye urefu wa mita 368, makumbusho moja baada ya nyingine. Nilipanga hata saa za kula. Mama yangu alipolisoma daftari hilo alivua miwani, akaniuliza, "Na hawa wanao utawaacha wapi?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania.

Pale uwanja wa ndege Mkubwa alimtambua baba yake kutoka mbali, akamkimbilia mpaka wakakaribia kuangushana. Mdogo alimtazama yule mtu mrefu mwenye koti, akaficha uso wake kwenye kanga yangu. Baba yake aliponyoosha mikono ampokee, alipiga ukelele uliowageuza watu waliokuwa wakisukuma mizigo yao. Basi mume wangu akairudisha mikono yake, na kwa kuwa hakujua pa kuipeleka, akaitia mifukoni. Ndani ya treni ya kwenda mjini alikaa mkabala nasi, Mkubwa mapajani, akisoma tangazo lililobandikwa dirishani kwa makini kuliko tangazo lolote linavyostahili.

Usiku wa kwanza tulikutana na jambo ambalo nilipaswa kulijua. Mnaosoma Jiografia mnajua kwamba mwezi Juni kizio cha kaskazini huwa kimeinamia jua, na kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo mchana unavyorefuka. Berlin iko karibu nyuzi 52 na nusu kaskazini mwa ikweta. Wakati huo jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, na huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Kulijibu swali hilo kwenye karatasi ni rahisi. Kumweleza mtoto wa miaka mitatu na nusu ni jambo jingine, hasa mtoto ambaye nyumbani amezoeshwa kwamba jua likilala na yeye analala. Saa mbili usiku Mkubwa alikaa dirishani, kidevu juu ya mikono, akilisubiri jua. Saa tatu alikuwa bado analisubiri. "Mama, hili la huku halichoki?" Tulitundika kanga zangu mbili dirishani kama mapazia, na bado siku tatu za mwanzo hawakulala kabla ya saa tano.

Mume wangu alipanga chumba na jiko katika jengo la zamani mtaa wa Wedding, ghorofa ya nne, bila lifti. Ngazi zilikuwa 86. Nazijua kwa sababu Mdogo alitaka kuzipanda zote kwa miguu yake mwenyewe, na alipofika katikati alitaka kuanza upya. Kushuka tu kulikula robo saa. Halafu barabarani kuna kokoto za kuokota, mbwa wa kusalimiwa, na njiwa, ambao Mkubwa aliwafukuza kana kwamba hajawahi kuona njiwa maishani mwake. Nilikuwa nimepanga safari yangu kwa kutazama ramani ya mji. Ramani haionyeshi njiwa.

Hata hivyo nikiri kwamba mwendo huo wa konokono ulinionyesha mambo. Kwa mfano taa za kuvukia barabara. Upande wa mashariki wa Berlin, na siku hizi hata sehemu nyingi za magharibi, taa hizo zina kijitu kifupi kilichovaa kofia: chekundu kimetandaza mikono, cha kijani kinatembea kwa hatua ndefu. Kilichorwa mwaka 1961 na Karl Peglau, mtaalamu wa mambo ya barabarani wa Ujerumani Mashariki. Nchi mbili zilipoungana mwaka 1990, taa za mashariki zilianza kubadilishwa zifanane na za magharibi, na wananchi wakakitetea kijitu chao mpaka kikabaki. Mkubwa alikipenda kupita kiasi. Kila makutano ya barabara tulisubiri zamu mbili au tatu za taa ili akione kikigeuka, na watu wazima wa Berlin walisubiri pamoja nasi hata pasipokuwa na gari, kwa sababu wengi wao hawapendi kuvuka kwenye taa nyekundu mbele ya mtoto. Nimefundisha kuungana kwa Ujerumani kwa mikataba na majina ya viongozi. Sijawahi kufikiri kwamba kuna watu ambao kwao kuungana kulikuwa pia ni swali la kofia ya kijitu cha taa.

Siku ya tatu ndiyo tuliyokwenda Wilhelmstraße. Kati ya sehemu zote 14, hiyo ndiyo niliyoipigia mstari mara mbili, maana katika mtaa huo ndipo lilipokuwa jumba la Kansela Bismarck, na ndani ya jumba hilo ndimo mkutano ulimofanyika. Tulipita kwanza Lango la Brandenburg. Mkubwa hakulitazama hata kidogo; palikuwa na mtu anayepuliza mapovu makubwa ya sabuni. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, ambao ulituchukua karibu saa nzima.

Jumba lenyewe halipo. Liliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili na mabaki yake yakaondolewa. Leo hapo pana maghorofa ya kawaida ya kuishi, yaliyojengwa mwishoni mwa enzi za Ujerumani Mashariki. Kuna baiskeli zimefungwa kwa minyororo, kuna mtu ametundika maua barazani. Kama si bango la maelezo lililosimamishwa kando ya njia, ungepita bila kujua. Nilisimama mbele ya bango hilo na moyo ukinidunda kama wa mtahiniwa aliyefunua karatasi ya maswali. Nikasoma aya ya kwanza. Nikaanza ya pili.

"Mama, mkojo."

Alikuwa Mkubwa, na kwa namna alivyobana miguu nilijua hatuna hata dakika tatu. Mume wangu akamnyanyua, mimi nikasukuma kigari cha Mdogo, tukakimbia. Mgahawa wa kwanza ulikuwa umefungwa. Wa pili, mwanamke aliyekuwa akifuta meza alimwangalia mtoto, akaonyesha mlango wa nyuma kabla hatujafungua kinywa. Tulipotoka, Mdogo alikuwa amelala, Mkubwa alikuwa na njaa, na mvua ilikuwa imeanza. Hatukurudi kwenye bango.

Nilikasirika siku ile, na sitaficha. Nilikuwa nimetumia fedha za upatu, nimekwenda mpaka mahali pale, nikasoma aya moja na nusu. Kwenye treni nilinyamaza njia nzima. Mume wangu naye alinyamaza, kwa sababu yake: asubuhi hiyo alijaribu tena kumbeba Mdogo kushuka ngazi, na Mdogo alimsukuma kifuani kwa mikono yote miwili.

Kesho yake lilitokea jambo lililotuondoa wote katika ununu wetu.

Treni za chini ya ardhi za Berlin ni za rangi ya njano, na vituo vyake havina lango la kukatia tiketi. Unashuka tu ngazi unajikuta kando ya reli. Watoto walio chini ya miaka sita hawalipi. Ni utaratibu mzuri, lakini kwa mtoto anayependa treni maana yake ni kwamba hakuna kitu kati yake na treni. Vituo vingine vina lifti, vingine havina, na katika kituo tulichoingia siku hiyo lifti ilikuwepo ila haifanyi kazi. Mume wangu akanyanyua kigari kikiwa kitupu, mimi nikambeba Mdogo. Mkubwa alishika mguu wa kigari. Tulifika chini treni ikiwa inaingia. Mume wangu aliinama kukitua kigari na kukifunga breki. Mimi nilikuwa namweka sawa Mdogo aliyekuwa anateleza kiunoni. Ni muda wa kuhesabu moja mpaka tatu. Kipaza sauti kilitoa maneno yale ya kuwataka watu wakae nyuma, taa nyekundu za milango zikawaka, na nilipoinua macho Mkubwa alikuwa ndani ya treni, peke yake, na milango inajifunga.

Nilimrusha Mdogo kwa baba yake. Sikumpa, nilimrusha. Niliufikia mlango nikaupiga kwa viganja vyote, lakini treni ilishaanza kwenda. Niliuona uso wa Mkubwa kwenye kioo. Hakuwa analia. Alikuwa anatupungia mkono.

Sijui nilisema nini. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba nilimwita mama yangu. Yeye alikimbilia nguzo ya dharura iliyoko hapo kando ya reli, akabonyeza kitufe na kuanza kueleza kwa Kijerumani chake cha miezi tisa: mtoto, miaka mitatu, fulana nyekundu, treni iliyotoka sasa hivi. Mtu mmoja kijana alinishika bega akanionyesha ubao wa saa: treni nyingine ilikuwa inakuja baada ya dakika nne. Nimewahi kusimamia mitihani ya saa tatu. Haikuwa mirefu kama dakika hizo nne.

Katika kituo kilichofuata alikuwa amekaa kwenye benchi. Pembeni yake alikaa bibi mmoja wa Kijerumani, mzee wa mvi tupu, na mfuko wake wa mboga sakafuni. Mkubwa alikuwa akimhesabia vifungo vya sweta lake kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, na yule bibi anamfuatisha. Alikuwa ameona kila kitu kutoka ndani ya behewa, akamshika mkono, akashuka naye kituo kile, ambacho hakikuwa chake, akaketi kusubiri. Nilipiga magoti sakafuni nikamkumbatia mwanangu. Yule bibi alisema maneno makali kidogo kwa mume wangu, kisha akampapasa Mkubwa shavuni, akachukua mfuko wake akaondoka kwa treni iliyotuleta. Sikupata hata muda wa kumshukuru ipasavyo.

"Amesema nini?" nilimuuliza mume wangu.

"Amesema mtoto anashikwa mkono kabla treni haijaonekana, si baada ya kufika."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba Mdogo bado yuko mikononi mwa baba yake. Alikuwa amemkumbatia shingoni kwa nguvu, uso wake chini ya kidevu chake. Mayowe yangu ndiyo yaliyomtisha, na katika kutishika alimshika mtu aliyekuwa karibu. Mume wangu alisimama bila kutikisika, kama mtu ambaye ndege ametua begani mwake. Hatukuendelea na safari. Tulirudi nyumbani kwa miguu, karibu saa nzima, na yeye ndiye aliyembeba njia yote, na ngazi 86 vilevile. Usiku ule hatukulaumiana, ingawa kila mmoja wetu alikuwa na la kusema.

Baada ya siku hiyo daftari lilibaki ndani ya begi. Tulikubaliana sehemu moja kwa siku, na kama siku hiyo haina sehemu, basi.

Siku nyingi hazikuwa na sehemu. Tulishinda katika viwanja vya michezo ya watoto, ambavyo Berlin inavyo karibu kila mtaa: bembea, ngazi za kamba, na eneo kubwa la mchanga. Wajerumani huwaacha watoto wao wachafuke kwa namna ambayo ingemfanya mama yangu apige kelele. Tangu mwaka 2011 sheria ya nchi yao inasema kelele za watoto kwenye viwanja hivyo na kwenye vituo vya kulelea watoto kwa kawaida zisihesabiwe kuwa kero, maana walikuwepo majirani waliokuwa wakizipeleka mahakamani. Uwanja tuliouzoea ulikuwa na pampu ya maji ya mkono. Watoto walipanga foleni kuipampu ili maji yatiririke mchangani wajenge mifereji. Mkubwa aliizoea mara moja. Nilimtazama akining'inia kwenye mpini, nikakumbuka pampu kama ile ile ya kijijini kwetu, na foleni ya ndoo, na wasichana wanaochelewa shule kwa ajili yake. Chuma ni kilekile. Nilitaka kumwambia mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu yangu, lakini sikuwa na lugha ya kumwambia, na pengine hata lugha ingekuwepo nisingejua nianzie wapi.

Mdogo alibuni njia yake ya kuomba kutoka. Asubuhi alitafuta viatu vyake chini ya kitanda, akavibeba mpaka kwa baba yake, akaviweka mapajani kwake. Kwa baba, si kwangu. Mimi nilibaki nikinywa chai yangu ikiwa bado ya moto, jambo ambalo sikulifanya kwa miezi mingi, na nikiri kwamba niliona raha na wivu kwa pamoja.

Historia niliyoifuata katikati ya mji ilikuwa inanisubiri mlangoni. Mitaa michache kutoka kwa mume wangu kuna eneo wanaloliita Mtaa wa Waafrika, si kwa sababu ya wakazi wake, bali kwa sababu ya majina ya barabara zake, yaliyoanza kutolewa enzi za ukoloni. Tulipita Sansibarstraße. Tulipita Tangastraße na Usambarastraße, na bibi yake mume wangu ni wa Lushoto. Kabla ya vita ya 1914, mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikusudia kuweka karibu na hapo maonyesho ya wanyama, na hata ya watu, kutoka makoloni, vita ikamzuia. Mwaka 1939, wakati wa utawala wa Hitler, barabara moja ilipewa jina la Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Wakazi na vyama vya Waafrika walibishana kuhusu jina hilo kwa miaka mingi. Tarehe 23 Agosti 2024 barabara hiyo iligawanywa. Sehemu moja ikapewa jina la Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959 katika maandamano ya kupinga kuhamishwa kwa nguvu. Sehemu nyingine ikaitwa Maji-Maji-Allee.

Nilisimama chini ya kibao hicho. Vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 ni vita ya kwetu kusini. Ilianzia Umatumbi na ikafika mpaka Lindi, na nyumbani hadithi zake hatuzipati vitabuni tu. Nikasoma kwa sauti, "Maji Maji."

"Yako wapi?" Mkubwa akauliza. "Nina kiu."

Nilimpa chupa. Alikunywa akiwa amesimama palepale, Mdogo amekaa chini ya nguzo akichezea sisimizi, na mume wangu akatupiga picha. Katika picha hiyo kibao kimekatwa nusu na mimi nimefumba macho. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za safari ile.

Jumba la makumbusho ya viumbe tuliliacha mpaka siku ya kumi na moja. Hilo nilijua lazima tulione, mkojo usitake. Katika ukumbi wake mkubwa umesimamishwa mfupa juu ya mfupa dinosaria anayeitwa Giraffatitan, kimo chake mita 13 na sentimita 27. Hakuna dinosaria mwingine aliyeungwa kwa mifupa duniani anayemfikia kwa urefu. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Ametoka Tendaguru, Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati mashamba ya kusini yalikuwa bado hayajapona majeraha ya Maji Maji, Wajerumani walichimba huko kwa mikono ya mamia ya vibarua wa kwetu. Msimamizi mmoja wa vibarua hao, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi hodari wa kuitoa mifupa mwambani bila kuivunja. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa, na kwa kuwa hapakuwa na barabara wala wanyama wa kubebea, zilibebwa na watu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Suala la kama mifupa hiyo irudishwe limewahi kufika mpaka bungeni kwetu Dodoma.

Mkubwa alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagonga ukuta, bado hajaona kichwa.

"Huyu anatoka kwetu," nilimwambia. "Lindi."

Alifikiri. Kwa ufahamu wake, watu wa Lindi walioko Berlin wako pale kwa sababu moja tu.

"Naye amekuja kusoma?"

Baba yake aligeuka upande akicheka mpaka machozi, Mdogo akirukaruka mabegani mwake.

"Atarudi lini?" Mkubwa akaendelea.

Mume wangu aliacha kucheka. Nilimwambia Mkubwa kwamba sijui, watu bado wanazungumza. Akauliza, "Na baba?" Hilo nililijua, nikamjibu: mwakani, mwezi Septemba.

Sitaieleza sana siku ya kuondoka. Mdogo alilia kuanzia pale abiria wanapokaguliwa mpaka ndege ilipopaa, na safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza anamlilia nani.

Shule ilipofunguliwa Julai, nilikuta kipindi changu cha kwanza na kidato cha tatu ni Mkutano wa Berlin. Habari za safari yangu zilishatangulia. Kijana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, ulifika hasa pale walipoigawa Afrika?"

"Nilifika."

"Ulijisikiaje?"

Darasa zima likatulia. Ningeweza kuwapa jibu zuri la mtihani. "Nilikuwa natafuta choo," nikasema, na walipomaliza kucheka niliwaeleza habari za maghorofa na baiskeli na maua ya barazani, na bango ambalo mpaka leo sijalimaliza. Kisha nikaandika tarehe ubaoni.

Nyumbani simu ya baba yao huja saa mbili usiku. Mkubwa humsimulia habari za kuku. Mdogo, akiisikia tu simu ikilia, huacha chochote alichoshika na kwenda chini ya kitanda kutafuta viatu vyake.